Mota ikizidi tofali nguvu, linalopasuka ni tofali

Ukipita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kule Zanzibar utakuta sehemu ripu imedondoka na mawe yako wazi, hebu siku moja simama hapo ukwangue kwa ukucha ile kitu iliyo katikati ya jiwe na jiwe. Inatoka. Unga mweupe wenye wekundu kwa mbali na punje za mchanga, unamiminika tu chini. Sasa inua macho uangalie juu, ghorofa mbili tatu, ukuta mnene nusu mita na zaidi, mzigo wote ule umekalia kitu ambacho we umekikwangua kwa ukucha, na umekaa hapo tangu enzi za masultani wa karne ya 19. Afu rudi Dar kwenye nyumba ya mtu iliyojengwa juzijuzi, mota ngumu hata msumari haupiti, na ukuta umeshachanika kuanzia kona ya dirisha mpaka kwenye linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha na milango.

Mimi hili jambo lilinisumbua muda mrefu sana, kwa sababu nimejenga Dar na nyumba ya familia yetu, ya shangazi, iko Mji Mkongwe, na sehemu zote mbili tulifanya kosa lilelile moja bila kujua kwamba ni kosa moja. Kosa lenyewe ni kuamini kwamba mota nzuri ni mota kali. Yaani ukitaka ukuta imara ongeza simenti. Nitajaribu kulieleza kwa kirefu maana nimeona watu wengi wanapoteza hela na nyumba hapo.

Kwanza majina, kwa sababu hata mafundi wenyewe wanachanganya. Zege lina kokoto. Mota haina kokoto, ni kitu cha kufungia (simenti, chokaa, au udongo wa kawaida) pamoja na mchanga na maji, ndo ile unayolalia tofali. Ukiipaka ukutani inaitwa ripu au plasta, lakini kimsingi ni ndugu yake. Na pale saiti fundi akipiga kelele "leta udongo!" saidia anamletea karai la mota, hata kama ndani yake hakuna udongo hata chembe ni simenti na mchanga tupu. Mi naona hilo neno limebaki tu toka zamani, kwa sababu kweli kabla ya yote mota ilikuwa udongo, na sehemu nyingi za bara mpaka leo bado ni udongo, hasa wa kichuguu.

Sasa mota inafanya kazi gani? Wengi watakwambia ni gundi, inashikisha tofali na tofali. Hiyo ni kweli kidogo tu. Chukua matofali mawili uyapandanishe makavu bila kitu katikati, utaona yanacheza, kwa sababu hayajanyooka, yanagusana sehemu tatu nne hivi na sehemu nyingine kuna uwazi. Ukiweka mzigo juu, uzito wote unapita kwenye zile ncha tatu nne na tofali linapasuka hapo. Mota inajaza ule uwazi ili uzito usambae tofali zima. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kuwa godoro, sio gundi. Inayashikilia matofali lakini pia inayatenganisha, yasisagane. Ukuta uliosimama wima na kubeba paa lake, kinachoushikilia zaidi ni uzito wake wenyewe unaoukandamiza chini, mota inasaidia uzito upite vizuri, na inaziba upepo na mvua. Basi.

Ndo maana ule unga wa Mji Mkongwe unaweza kubeba ghorofa. Umebanwa katikati ya mawe, kiungo chenyewe chembamba ukilinganisha na jiwe, hauna pa kukimbilia. Wahandisi wameshapima mara nyingi kwamba ukipunguza nguvu ya mota kwa nusu, nguvu ya ukuta kubeba mzigo haipungui nusu, inapungua kidogo sana kuliko hapo, kwa sababu anayebeba ni tofali au jiwe.

Halafu kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii kabisa, ukuta unatembea. Sio kutembea kwa kuonekana, ila mchana jua linaupiga unatanuka, usiku unasinyaa, masika unakunywa maji unavimba kidogo, kiangazi unakauka, na chini kama umejenga kwenye udongo wa mfinyanzi ule mweusi ndo kabisa, msingi unapanda na kushuka kila mwaka. Huo mwendo lazima uende mahali. Kama viungo ni laini kuliko tofali, mwendo unagawanyika kwenye viungo vyote, kila kimoja kinachukua kidogo, unapata nyufa ndogondogo za unywele ambazo hata huzioni na zikionekana unakwangua unajaza upya. Lakini kama mota ni ngumu kuliko tofali, ukuta mzima unakuwa kama kipande kimoja kikavu, kinavumilia kinavumilia, afu siku moja kinachanika kwa ufa mmoja mkubwa unaopita katikati ya matofali. Na hii unaweza kuisoma mwenyewe ukutani. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata viungo, hapo mota ndo dhaifu. Ufa unaopita moja kwa moja unakata na matofali, hapo matofali ndo dhaifu na mota imewashinda.

Kwangu Dar ufa ulikata matofali. Nilihesabu baadaye, kwa uchungu. Tofali la inchi 6 la kawaida lina ujazo wa lita 15 na nusu hivi, mpigaji tofali alikuwa anatoa tofali 40 kwa mfuko mmoja na mi nikaona nimepata bei nzuri. Tofali 40 ni kama lita 620. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukiumimina una kama lita 35. Gawanya hapo, ni sehemu moja ya simenti kwa karibu 18 za mchanga, na ukikumbuka mchanga umeshindiliwa kwenye mashine basi ni zaidi ya hapo. Tofali hilo unaliangusha usawa wa kiuno linakuwa mchanga. Halafu huku kwenye mota mi nikiwa nasimama juu ya fundi namwambia weka moja kwa tatu, usinibanie simenti, ukuta uwe imara. Yaani nimepanga biskuti nikazifunga kwa jiwe. Ile simenti niliyoimwaga kwenye viungo ningeipeleka kwenye matofali, nikapiga tofali 25 au 30 kwa mfuko na mota nikaweka moja kwa sita, leo nisingekuwa na ule ufa. Hela ileile.

Turudi nyuma kidogo tuelewe hizi chokaa na simenti zinakuwaje ngumu, maana hapa ndo panatoa jibu la mengi. Watu wengi wanasema mota "inakauka". Haikauki, inaganda, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Chokaa unaanza na jiwe, pwani kwetu ni matumbawe. Ndani yake ni kalsiamu kaboneti. Unalichoma kwenye tanuu kwa joto la kama nyuzi 900, gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka, jiwe linabaki jepesi, jeupe, na lina hasira, hiyo ndo chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka kwelikweli, inatoa mvuke, inapasukapasuka mpaka inakuwa unga au uji mzito, hiyo ndo kuzima chokaa, na watoto wasikae karibu maana inaweza kupofusha macho. Ile chokaa iliyozimwa ukiichanganya na mchanga na kuaka nayo ukuta, inaanza taratibu kuivuta tena ile gesi ya kaboni kutoka hewani, na kadiri inavyoivuta inarudi kuwa kalsiamu kaboneti, yaani inarudi kuwa jiwe lilelile ulilolichoma. Jiwe limepita motoni, likapita majini, likarudi kuwa jiwe kwa njia ya hewa. Mi kila nikilifikiria hili naona ni jambo zuri mno. Ila ni la polepole, nje linaanza kuwa gumu kwa siku na wiki, ndani ya ukuta mnene linaenda miezi na miaka, na linahitaji unyevu kidogo ili ile gesi iyeyuke na kuingia, ukiacha jua liikaushe chokaa haraka unabaki na unga.

Simenti yenyewe ni mtu mwingine. Unachukua mawe chokaa na udongo wa mfinyanzi, unavichoma pamoja kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi mpaka vinaanza kuyeyuka na kushikana kuwa madonge magumu yanayoitwa klinka, unaisaga na jasi kidogo ili isigande haraka mno. Hii haingoji hewa, inaganda kwa kuungana na maji, ndo maana zege linaganda hata chini ya bahari. Na ndo maana ya kumwagilia ukuta, sio kuupoza, ni kuilisha simenti. Ukiacha kumwagilia siku ya pili tu kwa jua letu, maji yanatoroka kabla simenti haijamaliza kazi, na hapo hata ungeweka mifuko mingapi.

Kuna zile namba kwenye mfuko, 32.5 na 42.5, watu wanadhani ni ubora tu kwa ujumla. Kumbe namba hiyo imepimwa kwa mota. Wanachanganya simenti kilo moja kwa mchanga maalumu kilo tatu na maji nusu kilo, wanatengeneza vipande, vinakaa siku 28, afu wanaviponda. 32.5 maana yake kila milimita ya mraba imebeba nyutoni 32.5 kabla ya kupasuka, ambayo ni karibu kilo 330 kwenye sentimita moja ya mraba, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Fikiria nguvu hiyo halafu fikiria lile tofali la 40 kwa mfuko. Kwa kujenga tofali na kupiga ripu 32.5 inakutosha kabisa, 42.5 peleka kwenye nguzo, slabu na linta.

Na simenti tunayoijua ni mgeni hapa. Mwingereza Joseph Aspdin wa Leeds aliandikisha haki ya ugunduzi wake mwaka 1824, kiwanda cha Bamburi kule Mombasa kikaanza kutoa simenti mwaka 1954, na cha Wazo Dar es Salaam mwaka 1966. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Husuni Kubwa, lile kasri la Kilwa, ni ya karne ya 14, kuna Gedi, kuna Lamu, kuna Ngome ya Yesu ya mwaka 1593, vyote hivyo mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa hiyo pwani hii imejenga kwa chokaa karne nane tisa, na kwa simenti miaka 70 tu, ila ndani ya hiyo 70 tumesahau karibu kila kitu. Sasa hivi ukimwambia fundi kijana wa Dar aake kwa chokaa anakuangalia anadhani unataka kupaka rangi.

Hapo sasa nije kwa shangazi.

Nyumba yake ni ya kawaida ya Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, vyumba vyembamba vya kufuata urefu wa boriti za mikoko. Ripu ya chini ilikuwa imeliwa na chumvi, inamomonyoka, aibu kwa wageni. Tukachanga sisi watoto, tukaleta fundi mzuri tu, mkono wake safi, akabandua ripu ya zamani yote mpaka usawa wa kifua akapiga ripu ya simenti moja kwa tatu, akaweka niru (tabaka jembamba la kulainisha ukuta), na juu yake rangi ya plastiki. Ikang'aa. Shangazi alifurahi mpaka akapika.

Mwaka wa kwanza safi. Wa pili ukaanza unyevu juu ya ile ripu mpya, usawa wa kichwa, mahali ambapo toka nyumba ijengwe hapakuwahi kuwa na unyevu. Wa tatu ripu ikaanza kutoa sauti ya uwazi ukiigonga, kisha ikawa inaanguka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma ya kila kipande kumeganda unga wa jiwe. Yaani haikuanguka peke yake, iling'oka na uso wa matumbawe. Na mbaya zaidi, chumba cha juu kidogo boriti mbili zilikuwa zimeoza vichwa, pale zinapoingia ukutani.

Tukamleta mzee mmoja mwashi, wa zamani, akaweka kiganja ukutani akakaa nacho muda, akasema, "Nyumba mmeivisha nailoni na huku chini inakunywa maji." Basi. Nikamuomba anieleze na akaeleza, na baadaye nimesoma na nimeona ni vilevile.

Kuta hizi hazina nailoni ya msingi kama tunavyoweka sasa kuzuia unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya jiwe kama mafuta ya taa kwenye utambi, na maji ya pale yana chumvi. Zamani yalikuwa yanapanda kidogo, yanafika kwenye ripu ya chokaa ambayo ina vitundu vingi, yanatoka kama mvuke, na chumvi inabaki palepale kwenye ripu. Ripu inaliwa. Inaliwa kila baada ya miaka kadhaa na unaipiga upya, na hiyo ndo kazi yake, iliwe yenyewe jiwe libaki. Sasa sisi tukaja na simenti, ina vitundu vidogo sana na rangi ya plastiki juu yake inaziba kabisa. Maji hayapati pa kutokea, yanaendelea kupanda mpaka yapate, ndo ile usawa wa kichwa, ndo zile boriti. Na chumvi badala ya kuganda nje kwenye ripu inaganda nyuma yake, ndani ya uso wa jiwe, na chembe ya chumvi inapokua ndani ya kitundu cha jiwe inasukuma kwa nguvu mpaka jiwe linasagika. Halafu joto nalo, simenti inatanuka na kusinyaa kwa namna yake na matumbawe kwa namna yake, simenti ni ngumu, jiwe ni laini, wakivutana anayechanika ni jiwe.

Unaona ni jambo lilelile la tofali zangu za Dar? Kwenye ukuta lazima kuwe na mmoja wa kuumia. Ukichagua kiungo au ripu, unakikwangua na kurudishia. Ukichagua jiwe, hulirudishi.

Chokaa ina lingine pia ambalo simenti haina kwa kiasi hicho. Ukuta ukitembea na kiungo kikapata ufa mwembamba, maji ya mvua yakipita yanayeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa, inaganda tena. Nyufa ndogo zinajiziba. Ndo maana nyumba kongwe zimepinda tumbo na bado zimesimama.

Lakini simwambii mtu wa Dar au Morogoro mwenye tofali za simenti aende kutafuta tanuu la chokaa. Kwenye bloku za simenti, nyumba ya chini, mota ya simenti iko sawa, ila kwa kiasi chake. Na hapa nitaeleza kitu kinaitwa moja kwa tatu kilitoka wapi, maana hakikuangushwa na mbingu. Chukua ndoo ya mchanga mkavu, mimina maji taratibu mpaka yafike juu. Utakuta yameingia karibu theluthi moja ya ndoo. Huo ndo uwazi ulio katikati ya punje. Ili mota ishike na iwe laini kwenye mwiko, uwazi huo lazima ujazwe na kitu laini, kwa hiyo sehemu moja ya kufungia kwa tatu za mchanga. Sasa ukijaza uwazi wote kwa simenti tupu unapata mota kali mno, inayosinyaa na kuchanika. Ukipunguza simenti mpaka moja kwa sita nguvu inakuwa nzuri ila mota inakuwa na makwaruzo, inamwaga maji, haikai kwenye mwiko, na fundi anakasirika anaongeza maji. Jibu la waashi wa zamani lilikuwa kujaza sehemu iliyobaki kwa chokaa: simenti moja, chokaa moja, mchanga sita. Hesabu uone, vya kufungia ni viwili kwa mchanga sita, bado ni moja kwa tatu ileile, uwazi umejaa, mota ni laini kama siagi, inashikilia maji tofali lisiyanyonye yote, na nguvu haizidi tofali. Mi naona hii ndo mota bora kwa nyumba nyingi tunazojenga na inaniuma kwamba karibu hakuna anayeitumia.

Ila chokaa yenyewe uangalie. Mifuko mingi inayouzwa ya kupaka ukuta imekaa dukani imeshavuta hewa, au ni jiwe tu lililosagwa, hiyo haifungi kitu. Chukua kijiko kimoja, kamulia ndimu au mwagia siki. Ikitoa mapovu mengi hiyo imesharudi kuwa jiwe, achana nayo. Chokaa nzuri iliyozimwa haitoi mapovu ya maana. Na ukishika vaa glavu, inakula ngozi, simenti mbichi vilevile.

Kuhusu vipimo, ujinga mkubwa uko kwenye mabeleshi. Fundi anahesabu mabeleshi na kila beleshi lina mlima wake. Tumia ndoo ya lita 20. Mfuko mmoja lita 35, kwa hiyo moja kwa nne ni ndoo 7 za mchanga, moja kwa sita ni ndoo 10 na nusu. Hapo umemaliza. Moja kwa nne iache kwenye msingi chini ya ardhi, juu nenda na sita. Ghorofa au ukuta wa kuzuia udongo fuata mchoro wa mhandisi.

Mchanga nao una ujanja wake. Ukiwa na unyevu kidogo unavimba, punje zinashikiliwa mbalimbali na utando wa maji, unaweza kuongezeka robo nzima na zaidi, kwa hiyo ndoo ileile baada ya manyunyu ina mchanga mchache kuliko jana. Na udongo ndani ya mchanga ndo adui kabisa. Jaza chupa ya maji ya kunywa nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi nusu kijiko, tikisa sana, iache masaa matatu. Mchanga utakaa chini, udongo juu yake kama utando. Utando ukizidi asilimia 8 hivi ya mchanga, rudisha lori. Mi nilifanya hivi kwa lori tatu na nikarudisha moja, dereva alinuna lakini nilimwonyesha chupa. Mchanga wa baharini usiweke hata ukiambiwa umeoshwa na mvua, chumvi yake itavuta unyevu ukutani maisha yote, na kwenye linta itakula nondo.

Maji weka ya kutosha mota ikae kwenye mwiko, sio itiririke. Na muda, hapa ndo panaharibika pengi. Simenti ya 32.5 kiwango kinataka isianze kuganda kabla ya dakika 75, na kwa jua la saa saba mchana usitegemee mengi zaidi ya hapo. Lakini saidia anachanganya mifuko mitatu asubuhi, wanakula, wanarudi mota imeshaanza kushika, wanamwagia maji wanaikoroga upya inalainika, kila mtu anafurahi. Ule ulaini ni wa uongo. Vile vishikio vilivyokuwa vinaota ndani umeshavikata na haviunganishiki tena. Changanya kidogokidogo, hata kama saidia analalamika. Tofali za kuchoma zilowekwe kabla, la sivyo zinanyonya maji ya mota palepale, bloku za simenti nyunyizia tu. Kiungo sentimita moja inatosha, ukiona viungo vya sentimita tatu ujue fundi anaficha tofali zilizopinda.

Sasa nisieleweke vibaya, kwamba mota ikiwa dhaifu ndo vizuri, kwani kuna kikomo. Yote niliyosema ni ya ukuta unaobebeshwa mzigo wa kwenda chini. Dunia ikitikisika kwa pembeni, uzito hauna msaada tena, hapo kushikana ndo kunahitajika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera na nyumba nyingi za matofali zilipasuka na nyingine kuporomoka. Tofali la kuchoma lililolalia udongo mtupu halishikwi na chochote, udongo unabeba mzigo vizuri kabisa miaka 50 kama paa limetoka nje ya kutosha na mvua haiupigi, lakini kwa kuvutwa pembeni hauna nguvu yoyote. Kwa sehemu za matetemeko unataka mota inayoshika, na zaidi ya mota unataka linta inayozunguka nyumba nzima. Na kushika sio sawa na ukali, mota yenye chokaa inashika tofali vizuri kwa sababu inaingia kwenye vitundu, ile kali inayowahi kukakamaa mara nyingi inaachia.

Chokaa nayo ina gharama zake za kweli. Kuchoma tanuu kunakula magogo mengi, na kuna watu walikuwa wanachimba matumbawe hai baharini, hilo ni kuua mazalia ya samaki. Siku hizi chokaa ya kiwandani ipo, Tanga wanachimba mawe chokaa na kuchoma, na sisi ndo tuliyotumia, mzee akailoweka kwenye pipa wiki kadhaa kabla ya kuigusa.

Kwa shangazi tulibandua simenti yote kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, maana ukipiga kwa nguvu unang'oa na jiwe. Ukuta tukauacha wazi miezi minne ukauke, shangazi akilalamika vumbi kila siku na ana haki. Kisha chokaa na mchanga kwa matabaka membamba, kila tabaka linasubiri siku kadhaa, linafunikwa magunia yenye maji, na mwisho kupaka chokaa, sio rangi ya plastiki. Vichwa vya boriti vikapandikizwa. Chini usawa wa goti chumvi imeshaanza kutokeza tena kwenye ripu, inafagiliwa na ufagio mkavu. Ukuta wa nyuma, upande wa chooni, bado una simenti yake. Mzee amesema hawezi kuugusa sasa, chokaa haitashika kwa unyevu wa masika, tusubiri mvua ziishe.